Unga Uliomo Ndani ya Plastiki



Nimeombwa nizungumzie plastiki. Nadhani walioniomba walitarajia niseme habari za mifuko, mitaro na samaki. Hayo yamesemwa sana, na wanaoyasema wanayajua kunishinda. Mimi nilikuwa mtu wa kiwandani kabla sijawa mwalimu, na kiwandani hakuna anayetengeneza kitu kwa plastiki tupu. Mwenye kiwanda anapokea bandarini magunia ya punje nyeupe. Kwa punje hizo peke yake hapati ndoo ya kudumu, wala bomba, wala waya wa umeme, wala kandambili, mpaka afungue gunia la pili, dogo zaidi, lenye bei kubwa zaidi kwa kilo. Jioni hii nataka tulifungue gunia hilo la pili.

Tuelewane kwanza msingi. Plastiki yoyote ina mwili wake, ambao wanakemia huuita polima: minyororo mirefu ya molekuli, iliyoungwa, kwa plastiki nyingi za leo, kutokana na mafuta ya petroli au gesi asilia. Polithini ni hiyo, polipropilini ni hiyo, PVC ni hiyo. Halafu kuna vitu vinavyotiwa ndani ya mwili huo: vya kuulainisha, vya kuukinga na joto, jua na moto, vya kuupa rangi, vya kuuumua, vya kuujaza ili bei ishuke. Hivyo nitaviita viambato. Mwaka 2017 watafiti Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Lavender Law walikadiria uzito wa plastiki mpya yote iliyowahi kutengenezwa duniani, wakapata tani milioni 8,300. Wakakadiria pia kwamba, ukiacha nyuzi za nguo, viambato ni kama asilimia 7 ya uzito wa plastiki. Wastani huo haukwambii mengi. Bomba jeusi la polithini lina asilimia 2 au 3 tu. Mpira laini wa kumwagilia bustani, ule wa PVC, unaweza kuwa theluthi nzima ya uzito wake ni kilainishi.

Naanza na kamba, kwa kuwa niko Tanga na sitaki kufukuzwa. Mkono wa kulia nimeshika kamba ya mkonge. Wa kushoto nimeshika kamba ya polipropilini, hii ya buluu ambayo kila mmoja wenu anayo nyumbani, amefungia mbuzi, gunia au mzigo juu ya pikipiki.

Historia ya mkonge sitawafundisha ninyi. Mnajua kuwa Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche mwaka 1893 na kwamba iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62, na kutoka hiyo 62 yakatoka mashamba ya Korogwe, Muheza na Pangani. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa za mkonge, ikaongoza dunia. Miongo mitatu baadaye ilikuwa imeporomoka hadi sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, na wazee waliomo humu ndani waliona mashine za kukamulia zikiota kutu. Ukiuliza nini kilitokea, vitabu vinakujibu kwa maneno mawili: nyuzi bandia.

Hapo ndipo ninapogombana na vitabu. Giulio Natta wa Italia aliitengeneza polipropilini imara mwaka 1954, na mwaka 1963 akagawana Tuzo ya Nobel na Karl Ziegler wa Ujerumani. Ilikuwa nyepesi, yenye nguvu, isiyooza kwa maji wala kuliwa na mchwa. Ila ilikuwa na ugonjwa wa kuzaliwa. Kwenye mnyororo wake kila baada ya kaboni moja kuna kaboni yenye tawi, na haidrojeni iliyokaa pale penye tawi hunyofoka kwa urahisi. Ikishanyofoka, oksijeni ya hewa inajishika pale, mnyororo unakatika, na mkato huo unazaa chembe kali zinazokwenda kunyofoa haidrojeni ya jirani. Joto la mashine linatosha kuuanzisha ugonjwa, jua linaumaliza. Chukua uzi wa polipropilini usiotiwa kitu, uanike juu ya bati hapa Tanga. Haipiti miezi mingi utaukunja kwa vidole upukutike kama jani kavu.

Sasa fikirini mteja wa mkonge alikuwa nani. Alikuwa mkulima wa Marekani na wa Ulaya, anayefunga marobota ya nyasi za mifugo na kuyaacha kondeni, juani na mvuani. Kamba ya kupukutika isingemfaa hata msimu mmoja. Kilichoivusha polipropilini mpaka shambani kwake ni unga. Kwanza zilikuja fenoli zilizotengenezwa makusudi, ambazo zinajitoa zenyewe kwa zile chembe kali kabla hazijaufikia mnyororo. Vikaja vizuizi vya miale ya jua. Na kuanzia miaka ya 1970 zikaja amini za aina ya pekee, zilizoanzia Japani, ambazo mimi huwaambia wanafunzi wangu ndiyo kemia ya ujanja kuliko zote katika fani hii: kila zikidaka chembe kali moja, zinarudi katika hali yake na kuwa tayari kwa nyingine, kwa miaka. Kiasi kinachotiwa huwa chini ya asilimia 1. Gramu chache kwa kilo.

Najua mzee mmoja atasimama aniambie mkonge uliuawa na mengi: bei, utaifishaji wa mashamba mwaka 1967, usimamizi, uhaba wa vipuri. Sibishi, na sina nia ya kumwondolea mtu lawama zake. Lakini mpinzani aliyeivunja bei aliweza kusimama juani kwa sababu ya gramu hizo chache, zilizotoka maabara za Basel na Tokyo. Zilishiriki kubadilisha maisha ya mkoa huu, na sijaona historia ya mkonge inayozitaja hata kwa mstari mmoja.

Basi hilo ndilo ninalotaka kusema usiku wa leo, na mengine yote ni ushahidi wake. Kinachoamua plastiki itafaa nini, itadumu vipi na itamdhuru nani mara nyingi si ule mwili wenye jina. Ni unga usio na jina. Nasi tunanunua, tunatunga sheria na tunarejeleza takataka kwa kusoma jina la mwili peke yake.

Tazama tangi jeusi la maji, ambalo wengi tunaliita Simtank hata kama limetoka kiwanda kingine. Mwili wake ni polithini, na polithini yenyewe ni nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Weusi ule ni masizi ya kaboni, yanayopatikana kwa kuchoma mafuta mazito penye hewa haba. Watu wengi hudhani weusi ni wa kuzuia ukungu wa kijani usiote ndani ya maji. Kweli unazuia, maana mwanga haupiti. Ila kazi yake kubwa ni kuukinga ukuta wenyewe: masizi yanameza miale mikali ya jua na kuigeuza joto kabla haijagusa mnyororo. Kwa mabomba ya maji ya polithini, kiwango cha kimataifa cha ISO 4427 kinataka masizi kati ya asilimia 2 na 2.5 ya uzito. Yakipungua, jua linapenya. Yakizidi, unapoteza pesa na pengine nguvu ya bomba.

Na kiasi sahihi peke yake hakitoshi. Punje moja ya masizi ni ndogo mno, utahitaji maelfu kuzipanga zitimie upana wa unywele, na zina tabia ya kushikana madonge. Kiwandani tulikuwa na kipimo chake. Unakata kwa wembe kipande chembamba cha ukuta wa bomba, kidogo kama kucha ya mtoto mchanga. Unakilaza kati ya vioo viwili, unavibana juu ya joto mpaka kipande kilainike na kutandazika, kisha unakiweka chini ya hadubini na kukimulika kwa chini. Kilichochanganywa vizuri kinaonekana kijivu kimoja, kama wingu la masika. Kibaya kina madoa meusi na njia nyeupe katikati yake. Zile njia nyeupe ndizo jua litakazopitia, na yale madonge ndipo ufa utakapoanzia. Nje, kwa macho, mabomba yote mawili ni meusi tii. Fundi haoni tofauti, mwenye nyumba haoni, na mwenye duka hana haja ya kuona.

Matangi ya kuzungushwa yana mtihani wake. Hutengenezwa kwa kumimina unga wa polithini ndani ya kalibu, kalibu ikazungushwa ndani ya tanuri mpaka unga uyeyuke na kugandia ukutani. Hakuna parafujo ya kukoroga humo ndani. Kiwanda makini hununua unga ambao masizi yake yalikwisha kuyeyushwa na kukorogwa pamoja na polithini kabla ya kusagwa. Kinachobana matumizi huchanganya unga mweupe na rangi kavu kwenye pipa, basi. Rangi inakaa juu ya punje, haiingii ndani, na ukuta unakuwa dhaifu. Ukinunua tangi, uliza swali hilo. Muuzaji asipolielewa, hilo nalo ni jibu.

Sasa PVC, na hapa nitakaa kidogo, maana hakuna mwili unaotegemea viambato kama huu.

Wazo la kulainisha plastiki kwa kuitia kitu ni la zamani kuliko PVC, na wa kwanza kulifanikisha kibiashara alitumia kitu mnachokijua vizuri ninyi watu wa pwani: kafuri. Ndiyo, kafuri ileile inayotiwa kwenye maji ya kumkoshea maiti. Mwishoni mwa miaka ya 1860 John Wesley Hyatt wa Marekani alikuwa akitafuta mbadala wa pembe za ndovu kwa ajili ya mipira ya biliadi. Na pembe hizo, msisahau, nyingi zilipitia Bagamoyo na Unguja mabegani mwa watu. Alichukua pamba iliyotiwa asidi ya nitriki, kitu kigumu chenye kupenda kulipuka, akaikanda na kafuri kwa joto na mgandamizo, ikawa selulodi. Kati ya robo na theluthi ya selulodi ilikuwa kafuri tupu. Kafuri ya asili ilitoka zaidi Taiwan, na Wajapani walipokitwaa kisiwa hicho mwaka 1895 hawakuchelewa kuifanya mali ya serikali. Kwa hiyo hata serikali kung'ang'ania kiambato si jambo geni.

PVC yenyewe Mjerumani Eugen Baumann aliiona mwaka 1872 kama unga mweupe uliojijenga ndani ya chupa. Kwa zaidi ya miaka 50 haikupata biashara. Ilikuwa ngumu, na ukiipasha moto ili uifinyange inaharibika kabla haijalainika vya kutosha. Mwaka 1926 Waldo Semon, mwanakemia wa kampuni ya matairi ya B.F. Goodrich, alikuwa akitafuta gundi ya kushikiza mpira kwenye chuma. Akaipika PVC ndani ya vimiminika vizito visivyokauka upesi, ikatoka kitu kinachonyumbulika, kinachodunda, kisichopitisha maji. Gundi hakuipata. Badala yake tukapata vitambaa vya mezani, mipira ya maji, ngozi bandia za viti vya daladala na gamba la waya wa umeme uliomo ukutani humu.

Ule ugonjwa wa joto ni huu. PVC ina klorini karibu asilimia 57 ya uzito wake. Ikipita nyuzi 100 hivi, klorini huanza kuchomoka pamoja na haidrojeni, ikawa asidi kali, na asidi ile inaharakisha uchomokaji wa inayofuata, kama zipu inayofunguka. Plastiki inageuka njano, kahawia, halafu nyeusi. Lakini ili uipitishe kwenye mashine unahitaji nyuzi 170 na zaidi. Bila kiambato cha kuidaka asidi, bomba la PVC haliwezekani kabisa duniani.

Kiambato kilichofanya kazi hiyo kwa bei ndogo na kwa ufanisi mkubwa kwa miongo mingi ni chumvi za risasi. Risasi, katika mabomba ya maji ya kunywa. Watetezi wake walikuwa na hoja: nyingi imefungwa ndani ya ukuta, na maji ya mwanzo ndiyo yanayobeba ile iliyoko juu, baadaye inapungua. Hoja ina ukweli, lakini kwa mama anayekoroga uji wa mtoto kwa maji hayo ya mwanzo haisaidii kitu. Viwanda vya Umoja wa Ulaya viliiacha risasi katika PVC kwa hiari ifikapo mwisho wa mwaka 2015. Mbadala wake upo na unajulikana: chumvi za kalsiamu na zinki za asidi za mafuta, ambazo kwa ukoo ni ndugu wa sabuni. Ni ghali kidogo na zinamtaka mwendesha mashine awe makini na joto. Bomba la kijivu lenye risasi na bomba la kijivu lenye kalsiamu na zinki yote mawili yanaandikwa PVC. Na PVC iliyorejelezwa inabeba risasi yake mpaka kwenye maisha yake ya pili bila kumwambia mtu.

Vilainishi navyo. Vilivyotawala kwa miaka mingi ni falati, na inayojulikana zaidi kati yake ni DEHP. Hazijafungwa kwenye mnyororo. Zimejipenyeza tu katikati, kwa hiyo zinaweza kutoka. Harufu ya pazia jipya la bafuni, mafuta yanayonata juu ya waya wa zamani, gamba la kiti lililokauka na kupasuka: yote hayo ni hadithi ya vitu kuhama kutoka mahali vilipowekwa. Umoja wa Ulaya umezuia DEHP na wenzake watatu visizidi asilimia 0.1 katika vitu vya kuchezea watoto, na Marekani ikaweka sheria ya namna hiyo mwaka 2008, kwa sababu falati hizi huvuruga homoni, hasa za mtoto wa kiume aliye tumboni.

Lakini ngojeni, kabla hamjazitupa zote. Mfuko wa damu wa hospitali ni PVC iliyolainishwa, na kwa miongo mingi kilainishi chake kimekuwa DEHP. DEHP inatoka na kuingia ndani ya damu, hilo linajulikana. Na ikishaingia inajipachika kwenye ngozi ya seli nyekundu na kuifanya isipasuke upesi, kiasi kwamba damu inakaa muda mrefu zaidi kwenye friji. Uchafu umegeuka kihifadhi. Umoja wa Ulaya, pamoja na ukali wake wote, umelazimika kusogeza mbele tarehe ya kuiondoa kwenye vifaa vya tiba hadi mwaka 2030, kwa kuwa mbadala wake lazima ulinde mfuko na damu pia. Mwenye kuwaambieni kwamba kila kiambato ni sumu, au kwamba kila kiambato ni salama, anataka kuwauzia kitu.

Vingine nitavipitia mbio. Kandambili nyepesi ya sponji ni plastiki iitwayo EVA iliyoumuliwa. Hamira yake ni unga wa njano, azodikabonamidi, unaovunjika kwa joto na kutoa nitrojeni nyingi. Bila oksidi ya zinki unangoja hadi nyuzi 200 hivi. Ukiitia, unavunjika mapema. Wamarekani wameruhusu unga huohuo utiwe kwenye unga wa mkate, usizidi sehemu 45 katika milioni, Ulaya wamekataa. Kiti cha plastiki cha arusi nacho mara nyingi kina chokaa iliyosagwa. Si kosa. Chokaa kidogo inaongeza ugumu. Ikizidi, mwenye kiti anapata hasara na mgeni wa heshima anapata aibu.

Sasa nije kwenye giza lenyewe. Geuza chupa au ndoo yoyote utaona pembetatu ya mishale na tarakimu ndani yake, moja hadi saba. Chama cha wenye viwanda vya plastiki cha Marekani kilianzisha alama hizo mwaka 1988. Tarakimu inataja mwili tu. Tano ni polipropilini: haisemi imetiwa fenoli gani, rangi gani, chokaa kiasi gani. Tatu ni PVC: haisemi kama kuna risasi. Saba maana yake ni "nyingineyo", yaani usiulize. Mwaka 2024 mradi wa kisayansi uitwao PlastChem ulikusanya orodha ya kemikali zinazotumika au kupatikana katika plastiki, ukafikisha zaidi ya 16,000. Zaidi ya 4,200 zilionekana kuwa na hatari, na kwa zaidi ya 10,000 hakukuwa na taarifa za kutosha za kuzihukumu. Hatuwezi kuzipima zote hapa Afrika Mashariki, hata tungetaka. Ila anayeuza gunia la pili anajua alichotia.

Sheria zetu nazo zinatazama umbo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019. Nilizishangilia zote, na mitaro ya Dar es Salaam ni shahidi. Hata hivyo mfuko ulikuwa kosa lililo rahisi kuonekana. Kabla ya marufuku hizo, wauzaji wengi duniani walikuwa na mifuko ya polithini iliyotiwa chumvi za kobalti, manganisi au chuma, wakiitangaza kuwa "inaoza yenyewe". Kumbukeni ule ugonjwa wa polipropilini: hapa kiambato kinatiwa makusudi ili kuuharakisha. Mfuko unapukutika kweli. Unakuwa vipande vidogo, halafu vidogo zaidi, usivyoweza kuviokota. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzuia plastiki za namna hiyo mwaka 2019, ikaanza kazi Julai 2021. Neno "inaoza" limeandikwa kwenye mfuko, lakini kazi yote inafanywa na unga usioandikwa.

Linaloniuma zaidi ni plastiki nyeusi. Makasha ya televisheni na kompyuta za zamani yalitiwa vizuia moto vyenye bromini, maana umeme na plastiki ni jirani wabaya. Mkataba wa Stockholm uliviingiza baadhi ya hivyo kwenye orodha yake ya kemikali za kuondolewa mwaka 2009, na kingine mwaka 2017, kwa sababu havivunjiki upesi katika mazingira na vinajilimbikiza mwilini. Lakini kasha lililokufa halifi. Linasagwa, linayeyushwa, na kwa kuwa rangi za kila namna zimechanganyika, linatiwa masizi likawa jeusi, kisha linarudi dukani likiwa gari la mtoto, kitana au kijiko cha kugeuzia chapati. Vipimo vilivyofanywa katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, vimekuta bromini hiyo kwenye vitu vya kuchezea vyeusi. Kijiko hakina sababu yoyote ya kuzuia moto. Kimerithi tu.

Mwezi Machi 2022, mataifa yalikutana Nairobi kwenye Baraza la Umoja wa Mataifa la Mazingira yakakubaliana kutunga mkataba wa plastiki. Tangu hapo mazungumzo yamekwama zaidi ya mara moja. Kikao cha Geneva cha Agosti 2025 kilivunjika bila maafikiano. Moja ya mambo yaliyoleta mvutano mkali ni hilihili: je, mkataba uguse kemikali zilizomo ndani, au uishie kwenye takataka? Mimi ningeanza na kidogo kuliko wengi wanavyodai. Ningetaka kila gunia la punje na kila gunia la unga liingie bandarini likiwa na karatasi ya yaliyomo, na karatasi hiyo ifuatane na bidhaa mpaka kwa mrejelezaji. Siri ya biashara wauzaji wanayo katika namna ya kuchanganya. Majina ya sumu si siri ya biashara.

Tukingoja karatasi hiyo, kuna jambo mafundi wa kurejeleza mnaweza kulifanya kesho kwa vifaa mlivyo navyo. Plastiki za makasha zisizo na bromini huzama kwenye maji ya bomba, lakini huelea kwenye maji ya chumvi nzito. Zenye bromini nyingi huzama kote kuwili. Chukua ndoo yenye lita 20 za maji, tia chumvi kilo tatu na robo, koroga mpaka iyeyuke yote. Saga au kata makasha vipande vidogo, vitie, vipige visishike mapovu. Kinachoelea kinaweza kuendelea na safari. Kinachozama kiweke kando. Utakuta humo pia PVC, na vipande vya viti vilivyojaa chokaa, navyo havitakiwi kwenye mchanganyiko wako. Ukitaka hakika zaidi, pasha waya mtupu wa shaba kwenye moto wa gesi mpaka uwe mwekundu, uguse kipande, uurudishe motoni. Mwali ukiwa wa kijani, kuna klorini au bromini. Fanya nje, kwa kipande kidogo, na usimame upande upepo unakotoka.

Mtaniuliza kilichozama kiende wapi. Kukichoma jalalani ndiyo njia mbaya kuliko zote, maana moshi wake una sumu ziitwazo dioksini. Kukiuza kwa mtengeneza vijiko ni kuhamisha tatizo hadi jikoni kwa mwenzako. Kwa sasa jibu langu ni gunia lililofungwa, limeandikwa kwa wino usiofutika kilichomo, limewekwa pakavu, na mhusika wa mazingira wa halmashauri apewe hesabu ya kilo zake kila mwezi, hata kama hajaziomba. Zikifika tani, atalazimika kuuliza swali lilelile kwa wakubwa wake.

Nimezidisha muda. Maswali tuanze na mafundi.